Kusoma kwa Majilisi katika Pwani ya Kusini

Katika nchi iliyo baina ya kivuko cha Likoni na mpaka wa Vanga, kabla ya serikali yoyote kujenga nyumba ikaiita maktaba, vijiji vya Waislamu vilivyo kando ya bahari, tangu Waa na Tiwi hata Diani, Gazi na Msambweni, vilikuwa na namna yao ya kuazimana vitabu, ambayo aghalabu haitajwi pale habari za maktaba za Kenya zisimuliwapo, pengine kwa kuwa ni jambo la kawaida mno hata wenyewe hawalioni. Nayo ni sanduku la juzuu. Sanduku hilo, ambalo kwa desturi huwa ni mali ya msikiti au wakfu wa ukoo fulani, lina msahafu mmoja uliogawanywa vitabu vyembamba 30, kila kimoja na jalada lake, na hukaa limefungwa mpaka siku ya haja: siku ya tatu baada ya maziko, au arubaini, au nyumba mpya ihamiwapo, au mtu anapojiweka tayari kwa safari ya Hija.

Hapo ndipo mikeka hutandikwa barazani na uani, watu wakaketi, na kijana mmoja akapita na sanduku akigawa. Asomaye upesi huchukua juzuu mbili akaweka moja kando ya goti. Mzee ambaye macho yamemchoka husogezewa taa. Na yule ambaye kisomo chake ni cha kubabaisha huomba apewe Amma, juzuu ya mwisho, ambayo sura zake fupi amezihifadhi tangu utotoni, na kwa sababu hiyo katika sanduku kuukuu aghalabu ndiyo iliyochakaa kuliko zote, kingo zake zimekuwa nyeusi kwa jasho la vidole, ilhali zile za katikati zingali na ugumu wa karatasi mpya. Kisha husoma wote kwa pamoja, kila mtu mahali pake mbalimbali, sauti zikachanganyika hata mpita njia asipambanue neno. Na katika muda mfupi kitabu kizima, ambacho mtu mmoja angekisoma kwa siku kadhaa, kimekwisha. Juzuu hukusanywa, huhesabiwa zitimie 30, sanduku hufungwa, dua huombwa, na sinia za chakula hupita.

Wako maulamaa wanaoipinga khitma, yaani kisomo cha namna hii, kama walivyo wanaoyapinga maulidi, na hoja zao, ambazo huzitoa kwa dalili, zina mahali pake. Mimi hapa sihukumu baina ya pande mbili hizo, kwani ninalolitafuta ni jambo la kidunia zaidi, yaani ile ada ya kusoma ambayo watu wa pwani hii waliizoea miaka mingi kabla ya kuona rafu ya kwanza ya vitabu vya serikali. Nayo ada hiyo, ukiitazama vizuri, ina karibu kila kitu ambacho mkutubi hufundishwa leo: mali isiyokuwa ya mtu mmoja, mgawaji, idadi inayohakikishwa, na wakati maalumu wa kurudisha. Haina jambo moja tu, nalo ni msomaji aliye peke yake. Ndiyo maana nadhani ya kwamba matangazo tuyaonayo siku hizi katika kuta za maktaba za umma, ya saa ya hadithi kwa watoto, ya mkutano wa wasomaji, ya jioni ya mashairi, ambayo wengi wetu huyaona kuwa ni mtindo mpya uliobuniwa ili kuwavuta watu wasiopenda vitabu, katika Pwani ya Kusini ndiyo yaliyo makongwe, na chumba cha kusomea kwa kimya ndicho mgeni.

Wadigo, ambao ndio Wamijikenda wa pwani hii, hawakuingia katika Uislamu kwa siku moja, wala kwa mkono wa mtu mmoja. David Sperling, katika tasnifu aliyoiandika mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha London juu ya kukua kwa dini hiyo miongoni mwa Wamijikenda tangu mwaka 1826 hata 1933, ameifuata habari hiyo kijiji kwa kijiji, na katika habari hiyo vyuo vya Kurani vya mashambani vina nafasi yake kubwa. Chuo cha namna hiyo hakikuhitaji zaidi ya kivuli, mwalimu, na mbao za kuandikia. Watoto walioshika mbao hizo walipaza sauti wote pamoja, huyu akiwa katika alifu, yule katika Yasini, na mwalimu ambaye alionekana kama kwamba amesinzia alilisikia kosa la mmoja kati ya sauti ishirini akamrudisha nyuma. Mtoto aliyekulia katika makelele hayo hakujifunza kamwe ya kwamba kusoma ni jambo la kufunga kinywa.

Kusini zaidi, huko Wasini na Vanga, kwa Wavumba, khati ilikuwa na umri mkubwa zaidi, kwa kuwa madiwani wa Vumba Kuu, yaani watawala wao wa kale, walijihesabu kuwa ni watu wa nasaba, na nasaba haihifadhiki bila ya kusomwa mbele ya mashahidi wanaoweza kusema: hapo umeruka jina. A. C. Hollis, ofisa wa Kiingereza ambaye wakati huo alikuwa bado kijana, alizikusanya habari za madiwani hao akazichapisha mwaka 1900 katika jarida la wataalamu wa London, na tangu hapo mtu anayetaka kuijua tarehe ya Vumba huelekezwa kwanza kwa Hollis, jambo ambalo lina faida yake, kwani kilichochapishwa hakikuliwa na mchwa; lakini lina hasara pia, maana habari iliyokuwa ikitolewa mdomoni mbele ya hadhara, ikapingwa, ikasahihishwa, ikarudiwa, iligeuka ikawa kurasa zilizotulia katika kabati la mji wa mbali. Na nchi hii haikuwa nchi ya kuweka makaratasi kwa salama. Mwaka 1895 na 1896, wakati wa vita vya Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gazi na Waingereza, vijiji vya pwani na vya milimani vilichomwa moto, na ngome yake ya Mwele, nyuma ya Shimba, ilishambuliwa na askari wa Admirali Rawson mwezi wa Agosti 1895. Waliokimbilia ng'ambo ya mpaka, upande wa Wadachi, walikimbia na walichoweza kuchukua.

Lakini kitabu kilichosomwa hadharani kina hifadhi nyingine, nayo ni vifua vya waliokisikia. Chukua Barzanji, kitabu cha maulidi alichokitunga Sayyid Jaafar al-Barzanji wa Madina katika karne ya 18, ambacho katika vijiji vya Pwani ya Kusini kimesomwa mara nyingi hata wako watu wasiojua Kiarabu wawezao kumtangulia msomaji. Kitabu chenyewe kinapita mkono kwa mkono: fasili moja husomwa na mwalimu wa kijiji, ya pili hupewa mgeni aliyetoka Mombasa ili aheshimiwe, ya tatu kijana ambaye babaye ameketi nyuma akimsikiliza kwa hofu na fahari, baina ya fasili na fasili watu huitikia kwa kasida, na ifikapo habari ya kuzaliwa Mtume husimama wote, marashi yakanyunyizwa na chetezo kikapitishwa. Anayesoma vibaya hujulikana usiku ule ule. Anayesoma vizuri hualikwa kijiji cha pili mwezi ule ule, na sifa yake ikatangulia mbele yake, kwa kuwa katika nchi isiyokuwa na magazeti mengi, msomaji mwenye sauti alikuwa mtu wa kutajwa.

Kadhalika mwezi wa Ramadhani, baada ya sala ya alasiri, ilikuwa na ingali desturi ya sheikh kuketi msikitini na kitabu cha tafsiri, akasoma aya kwa Kiarabu, akaieleza kwa Kiswahili, na siku ya pili akaendelea pale alipoachia, hata mwezi ukaisha. Na msikilizaji aliyekosa siku moja humwuliza mwenziwe njiani wamefika wapi. Hili ni darasa la umma lisilokuwa na ada wala mtihani, lenye ratiba inayojulikana na watu wote bila ya kutangazwa. Na upande wa wanawake, ambao waandishi wa safari huwasahau, tenzi zilisomwa kwa sauti katika nyumba za harusi na za matanga, na Utendi wa Mwana Kupona, ambao asili yake ni Pate katika karne ya 19, ulizunguka pwani yote kwa midomo ya wanawake na kwa nakala zilizoandikwa kwa mkono zaidi kuliko kwa kiwanda chochote cha chapa.

Hata gazeti lilipokuja lilikuta majilisi imekwisha kutandikwa. Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui wa Mombasa, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya hata kufa kwake mwaka 1947, alianza mwaka 1930 kutoa waraka uitwao Sahifa, na mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah, akiwasuta Waislamu wa pwani kwa uvivu wao wa elimu na kwa mali yao inayoteketea katika sherehe. Gazeti la namna hiyo halikuhitaji nakala nyingi, maana nakala moja ilitosha baraza moja: mmoja husoma, wengine husikiliza, na mjadala huzuka kabla ya ukurasa kugeuzwa. Nakiri ya kwamba Sheikh mwenyewe, aliyekuwa mwepesi wa kuwalaumu wakaao barazani bila ya kazi, yamkini asingefurahi kuona gazeti lake likitumiwa kuwa sifa ya baraza.

Maktaba kwa maana yake ya leo ilianza upande wa pili wa maji. Mwaka 1903 ilifunguliwa Mombasa maktaba iliyobeba jina la Seif bin Salim, pamoja na chumba cha kusomea bila ya malipo, nayo huhesabiwa kuwa ndiyo maktaba ya umma ya kwanza katika Kenya. Ni fahari kwa watu wa pwani ya kwamba maktaba ya kwanza ilipewa jina la Mwarabu wa hapa hapa, ilhali maktaba kubwa ya Nairobi, ile ya McMillan yenye nguzo za mawe, ilifunguliwa mwaka 1931 na kwa miaka mingi ilikuwa haimwingizi Mwafrika ila afagie. Lakini kwa mtu wa Diani au Msambweni ile ya Mombasa ilikuwa safari. Feri ya Likoni ilianza kazi mwaka 1937. Kabla ya hapo aliyetaka kuvuka alivuka kwa mashua, na baada ya hapo alivuka kwa foleni, na mtu mwenye shamba la minazi na mikorosho havuki maji kwa ajili ya kusoma gazeti la jana.

Shule nazo hazikuwa nyingi. Wamisionari waliokaa Rabai tangu siku za Krapf, na huko Ribe na kwingineko katika upande wa kaskazini, hawakupata nafasi kubwa katika Udigo, kwa sababu Wadigo wengi walikuwa Waislamu na walihofu ya kwamba mtoto akipelekwa shule atarudi na jina jingine. Hata shule ya serikali ya Waa, ambayo majina mengi yenye kujulikana katika wilaya yamepitia madarasa yake, ilihitaji miaka kuwatuliza wazazi. Basi likatokea jambo ambalo naliona kuwa ndilo kiini cha taabu yote iliyofuata. Tangu mwaka 1930, ilipoundwa ile Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ili kusanifisha Kiswahili, Kiswahili cha vitabu vya shule kilikuwa cha herufi za Kirumi peke yake, na mzee wa Tiwi aliyesoma Barzanji bila ya kukwama, aliyeandika barua ya posa na hati ya deni kwa khati ya Kiarabu, hata kadhi akaikubali, akajikuta mbele ya kitabu cha serikali hajui kusoma. Hakuna aliyemnyang'anya elimu yake. Alitolewa tu katika hesabu.

Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, serikali za Afrika Mashariki ziliona kwamba maelfu ya askari waliorudi wanasoma, na ya kwamba hawana cha kusoma. Elspeth Huxley, mwandishi aliyekulia Kenya, akaombwa atoe shauri, na mwaka 1948 likaundwa shirika la East African Literature Bureau, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa Charles Richards. Shirika hili lina haki ya kushukuriwa na kila msomaji wa Kiswahili, kwani ndilo lililochapisha tenzi kadhaa katika mfululizo wa Johari za Kiswahili, ambazo bila ya kazi hiyo zingekuwa leo ni majina tu. Pamoja na kuchapisha, lilieneza vitabu kwa njia mbili: kwa posta, ambapo msomaji aliletewa kitabu alichokiomba, na kwa masanduku ya vitabu, yaliyopelekwa katika shule na nyumba za mikutano, yakakaa muda, kisha yakabadilishwa kwa mengine.

Hapa masanduku mawili yamekabiliana, na tofauti yake ni ya ajabu kwa vitu vinavyofanana hivyo. Sanduku la juzuu lilikuwa na kitabu kimoja kwa watu thelathini. Sanduku la shirika hilo la Nairobi lilikuwa na vitabu vingi, kila kimoja kwa mtu mmoja. La kwanza lilifunguliwa pale watu walipokutana na likafungwa walipotawanyika. La pili lilikusudiwa kumpa mtu kitabu ili aondoke nacho, akakae nacho faraghani, usiku, chini ya taa ambayo mafuta yake hununuliwa kwa kibaba. Vitabu vyenyewe, vya kilimo bora, vya afya, vya hesabu za duka, vya hadithi za mafunzo, vilichaguliwa mbali kwa nia njema. Aliyekopa alikuwa karani, mwalimu, kijana aliyetoka shule. Mzee wa Barzanji alilitazama sanduku hilo likipita akaendelea na lake.

Nisije nikafahamika kuwa ninasema ya kwamba kimya ni bidaa iliyoletwa na Waingereza. Ukingojea sala msikitini hupazi sauti. Na mtu aingiaye Kaya Kinondo, msitu wa wazee wa Kidigo ulio hatua chache kutoka mahoteli ya Diani, na ambao mwaka 2008 uliingizwa pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, hufungwa kaniki kiunoni, akaambiwa asipige kelele wala asichukue hata kijiti. Watu wa huku wanakijua kimya na wana adabu zake. Lakini kimya chao ni cha mahali patakatifu na cha anayesikiliza, wala hawakuwahi kukifanya sharti la kitabu. Kwao kitabu ndicho kilichovunja kimya.

Mwaka 1960 Sydney Hockey, aliyekuwa mratibu wa maktaba wa East African Literature Bureau, alitoa ripoti iliyoshauri kila nchi ya Afrika Mashariki iwe na bodi yake ya maktaba, na shauri hilo likafuatwa kwa upesi usiokuwa wa kawaida katika mambo ya ripoti: Tanganyika mwaka 1963, Uganda mwaka 1964, na Kenya mwaka 1965, ambako huduma yenyewe ilianza kazi mwaka 1967. Katika mwaka huo huo Tanzania ilifungua Maktaba Kuu ya Taifa huko Dar es Salaam. Tangu hapo Kenya ilieneza matawi katika wilaya zake pole pole, na ilipofika katika nchi ya wafugaji ikabuni jambo ambalo dunia nzima imelisikia, maktaba ya ngamia ya Garissa, iliyoanza mwaka 1996. Ngamia huyo amepigwa picha nyingi. Lakini lililo muhimu katika habari yake, na ambalo picha hazilionyeshi, ni kwamba anapofika hutandikwa mkeka, na watoto huketi pamoja.

Katika miji yenye maktaba ya kuta, mambo yalikwenda njia nyingine. Kwa miaka mingi waliojaza viti vyake walikuwa wanafunzi wa mitihani waliokuja na madaftari yao mkononi, wakihitaji meza na taa kuliko kitabu chochote kilichokuwa rafuni. Na mkutubi, ambaye alifundishwa kuainisha vitabu, akawa mlinzi wa ukimya wa watu wasiovigusa. Sioni aibu katika jambo hilo. Mtoto wa nyumba ya chumba kimoja huko Ukunda, ambaye jirani yake ana redio na mjomba wake ana wageni, akipata meza amepata nusu ya elimu. Lakini mama yake hakuwahi kupata sababu ya kuingia.

Mama huyo alipata mahali pengine. Baada ya tangazo la Rais Moi la Desemba 1978, la kwamba ujinga wa kutosoma ufutwe, idara ya elimu ya watu wazima iliundwa mwaka uliofuata, na madarasa ya gumbaru yakafunguliwa nchini kote, katika majumba ya kanisa, katika madarasa ya shule za msingi baada ya watoto kwenda zao, na chini ya miembe. Na kote waliohudhuria wengi walikuwa wanawake. Darasa la gumbaru lilisomwa kwa sauti, wote pamoja, herufi kwa herufi. Laiti mpango ule ungalikuwa na vitabu vya kutosha vya kufuatia, na maktaba zingalikuwa na watu wale, pengine kila upande ungalimkuta mwenziwe. Lakini idara zilikuwa mbili, na funguo zilikuwa mbili.

Katiba ya mwaka 2010 iliiondoa kazi ya maktaba Nairobi ikaitia mikononi mwa kaunti. Mwenye kupenda kucheka kidogo na asome Jedwali la Nne, sehemu ya pili, ambapo mambo ya utamaduni na starehe za umma yametajwa kwa mpangilio: kamari, mashindano ya mbio, leseni za pombe, sinema, maonyesho ya video, maktaba, makumbusho, michezo, na mwisho fuo za bahari. Serikali ya Kaunti ya Kwale, ambayo ndiyo kaunti ya vijiji hivi, kwa hivyo ina dhamana ya ufuo wa Diani na ya maktaba katika aya moja, na hakuna haja ya kueleza ni kipi kati ya viwili hivyo kinacholeta fedha. Hata hivyo sikubaliani na waliosikitika kwa kuiona maktaba imewekwa karibu na sinema na michezo. Waandishi wa Jedwali, kwa kujua au kwa bahati, waliiweka mahali penye watu.

Na huko Nairobi limetokea jambo la kutiwa maanani. Tangu mwaka 2017 Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, kwa taasisi yao ya Book Bunk, wameshika kazi ya kuzitengeneza upya maktaba tatu za mji, yaani McMillan, Kaloleni na Makadara, na hawakuanza kwa rafu peke yake; walianza pia kwa kuwauliza jirani wa maktaba wanataka kukutana kwa ajili ya nini, na ratiba ya mikutano, ya muziki, ya hadithi za watoto na ya mazungumzo ya waandishi ikawa ndiyo mlango ambao watu walipitia hata kufika kwa vitabu. Nyumba iliyomfukuza Mwafrika imejazwa na watoto wa Kiafrika, nao hawanyamazi.

Ratiba za maktaba zetu za umma, hata hivyo, zina kalenda ya mbali. Tarehe 23 Aprili, Siku ya Vitabu Duniani, iliwekwa na UNESCO mwaka 1995 kwa ajili ya Cervantes na Shakespeare, ambao tarehe hiyo ya mwaka 1616 huhesabiwa kuwa ya kufa kwao. Tarehe 8 Septemba, Siku ya Kisomo, asili yake ni mkutano wa mawaziri wa elimu uliofunguliwa Tehran mwaka 1965. Na tarehe 7 Julai, ambayo tangu UNESCO ilipoitangaza mwaka 2021 ni Siku ya Kiswahili, inakumbusha uamuzi wa chama cha TANU cha Tanganyika juu ya lugha hiyo, wa mwaka 1954. Siku tatu hizi ni njema, na ya mwisho inatuhusu kwa damu. Lakini mwaka wa Pwani ya Kusini una miezi yake ya kukutana, ambayo haikuwekwa na mkutano wowote. Kusi linapoanza kuvuma, mwezi wa Aprili, mawimbi hupanda juu ya mwamba, na mvuvi wa Mwaepe au wa Gazi mwenye mtumbwi hukaa nchi kavu siku nyingi za mwezi. Mvua za masika hunyesha. Na katika wakati huo huo wageni wa Diani hupungua, baadhi ya mahoteli hufunga milango ili yapakwe rangi, na vijana wa kibarua, wahudumu na wapishi na watunza bustani, huambiwa warudi makwao mpaka Julai. Bahari na hoteli hulala pamoja. Hakuna wakati katika mwaka ambao watu wengi zaidi, wenye akili zao timamu na mikono isiyo na kazi, wamekaa katika vijiji vya Ukunda, Mwabungo na Msambweni, na sidhani kuna wakati bora zaidi wa kuwaalika.

Na wakiitwa, wasiitwe kusikiliza tu. Lugha ya Kidigo ina kamusi yake, Mgombato, iliyotungwa na Joseph Mwalonya, Alison Nicolle, Steve Nicolle na Juma Zimbu, ikatolewa mwaka 2004 ikiwa na Kiswahili na Kiingereza ndani yake. Ni kitabu kinachopendeza kufunguliwa mbele ya wazee, kwa kuwa hawatakubali kila neno, na ubishi huo ni somo tosha la jioni nzima kwa wajukuu wao. Katika nyumba za ukoo zimo bado barua, hati za mashamba, tenzi na vitabu vya tiba vilivyoandikwa kwa khati ya Kiarabu, ambavyo vijana wanavihofu kwa kutoweza kuvisoma na wazee wanavificha kwa kuhofu vitachukuliwa. Huko Lamu hati za Msikiti wa Riyadha zimepigwa picha kwa msaada wa mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, wala hazikuondoka Lamu. Maktaba ya kaunti inaweza kumwalika mwenye hati aje nayo, aisome mwenyewe mbele ya watu, ipigwe picha hapo hapo, kisha aifunge katika kitambaa chake arudi nayo nyumbani.

Limebaki suala la saa. Maktaba ya serikali hufuata saa za serikali, na mlango wake aghalabu umefungwa kabla ya mji kupoa, ilhali darsa huanza baada ya alasiri, maulidi baada ya isha, hadithi za watoto baada ya chakula cha usiku, na mama mwenye biashara ya viazi karai kando ya barabara ya Ukunda hapati nafasi ya kuketi mpaka sufuria imekwisha kuoshwa. Taa zipo, na viti vipo. Panatakiwa mshahara wa mlinzi mmoja na wa mkutubi mmoja kwa saa mbili au tatu za usiku, mara mbili kwa wiki, tangu Aprili hata Juni, na mikeka.